Soko linauliza rangi, jua linauliza manyoya

Tangazo la kuuza ng'ombe wa Highland huko Marekani huanza na rangi. Mtamba mweupe. Fahali wa kijivu cha fedha. Ndama wa manjano, mama mwekundu, baba mweupe. Umri wa mnyama, idadi ya ndama aliozaa mama yake na hali ya kwato zake hufuata chini, kama mwenye mali amekumbuka kuviandika. Picha nayo ni ya majira ya baridi, mnyama kasimama kwenye theluji na kishungi kimemfunika macho, maana ndipo anapopendeza. Kisha ng'ombe huyo hupakiwa kwenye lori na kushushwa Texas, Georgia au Oklahoma, ambako mwezi Julai joto huweza kupita nyuzi 35 siku baada ya siku, na mnunuzi huanza kuuliza swali lililopaswa kuulizwa kabla pesa hazijahesabiwa: ataimudu vipi hali hii? Mara nyingi jibu analopewa linarudi kwenye rangi ileile, kwamba mweupe atastahimili na mweusi atapata taabu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na kwa maoni yangu ni ile nusu yenye faida ndogo. Kinachoamua kama ng'ombe huyu atavuka salama majira ya joto katika nchi isiyokuwa yake ni manyoya: yanapukutika lini, na kwa kiasi gani. Wanunuzi wamejizoeza kulipia kitu ambacho kivuli cha mti mmoja kinakifuta, huku wakipuuza kile kisichofutwa na kivuli wala usiku.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Highland alitokea katika nyanda za juu na visiwa vya magharibi vya Uskoti, nchi ya mvua, upepo na nyasi duni, na kitabu cha kwanza cha ukoo wake kilichapishwa mwaka 1885. Kabla ya hapo watu walitofautisha aina mbili, wale wadogo wa visiwani ambao wengi walikuwa weusi, na wale wakubwa zaidi wa bara ambao wekundu walikuwa wengi kati yao. Leo wote wanahesabiwa ukoo mmoja. Manyoya yake yana tabaka mbili. La nje ni singa ndefu zenye mafuta, zinazoweza kufika sentimita 30 na kupita, na maji ya mvua huteleza juu yake bila kuigusa ngozi. La ndani ni malaika laini yaliyosongamana, yanayoishika hewa yenye joto karibu na mwili. Kwa sababu ya manyoya hayo hana haja ya kujiwekea mafuta mengi chini ya ngozi kama ng'ombe wengine wa nchi za baridi, na ndiyo maana nyama yake inasifiwa kwa kutokuwa na mafuta mengi. Kwa ufupi, huyu ni mnyama aliyechujwa kwa karne nyingi na hali ya hewa iliyomtaka afanye jambo moja kuliko yote, yaani asiliruhusu joto la mwili wake litoke.

Rangi zake hazina fumbo kubwa, na pengine ndiyo sababu zimepata wapenzi wengi: zinapangika. Jeni iitwayo MC1R ndiyo yenye sauti kubwa katika kuamua kama mnyama atakuwa mweusi au mwekundu. Jeni nyingine, PMEL, ina aina moja inayozimua rangi. Mweusi akirithi nakala moja ya aina hiyo anakuwa na rangi ya udongo iliyopauka. Akirithi mbili, anakuwa kijivu cha fedha. Mwekundu akirithi moja anakuwa wa manjano, na akirithi mbili anakuwa mweupe. Sheila Schmutz wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, na mwenzake waliyaeleza haya mwaka 2013, na tangu hapo mfugaji anaweza kupima damu au unyoya na kujua atapata nini kabla dume halijapanda. Wapo pia wa milia, ambao wana njia yao nyingine. Mtu anayemkutanisha jike mwekundu na fahali mweupe hatakiwi kushangaa ndama akiwa wa manjano. Lakini kupanga rangi si kupanga manyoya. Ng'ombe wawili weupe wanaweza kusimama kwenye malisho yaleyale mwezi Juni, mmoja akiwa amebaki na singa fupi mgongoni, mwenzake akiwa bado amebeba mzigo mzima wa Januari, na hakuna kipimo cha rangi kitakachokueleza nani ni nani.

Sitaki kusema rangi ni bure, maana ushahidi wa kwamba ina uzito ni mzuri, na sehemu yake imetoka hapahapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Virginia Finch na David Western walichapisha utafiti kuhusu rangi za ng'ombe katika mifugo ya wafugaji wa Kenya. Waliona kwamba kadiri mahali panavyozidi kuwa na joto kali, ndivyo sehemu ya ng'ombe wenye rangi nyepesi inavyoongezeka kundini, na kwamba jambo hilo haliwezi kuelezwa na mapenzi ya wenye mifugo peke yake. Ng'ombe mweusi akisimama juani anameza mwanga mwingi zaidi, anahitaji maji zaidi, na ukame ukija anaumia mapema. Mtetezi wa rangi angeweza kusimama hapo na kudai ameshinda kesi.

Angekuwa amewahi mno. Mwaka 1980 Finch huyohuyo alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala fupi katika jarida la Nature iliyouliza kwa nini Wabedui huvaa majoho meusi katika jangwa la moto. Walipopima, walikuta kwamba joho jeusi kweli lilipata joto zaidi ya jeupe, lakini kiasi cha joto kilichoifikia ngozi ya mvaaji kilikuwa kilekile. Ziada ilipotelea njiani, kwenye hewa iliyokuwa ikipita kati ya nguo na mwili. Miaka minne baadaye, akiwa Australia, Finch na wenzake walirudi kwa ng'ombe na kupata sehemu ya tatu ya jibu. Kwa ng'ombe wa Brahman, wenye manyoya mafupi yaliyolala, joto lililopenya hadi kwenye ngozi ya weusi lilizidi la weupe. Kwa Shorthorn, ng'ombe wa Uingereza wenye manyoya mazito zaidi, tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Yasome hayo mawili pamoja. Rangi ni ileile, nyeusi dhidi ya nyeupe, lakini madhara yake yanatofautiana kutegemea imeota juu ya manyoya ya namna gani. Manyoya mafupi huliacha joto lirudi hewani. Manyoya mazito hulishika na kulielekeza ndani. Kwa hiyo hata yule anayehofia weusi, kama ana sababu ya kuuhofia, anachokihofia hasa ni weusi uliokaa juu ya manyoya yasiyopukutika.

Na huko ni kuzungumzia joto linalotoka juani tu. Ng'ombe ana tanuri lake mwenyewe. Tumbo lake la kwanza ni pipa la kuchachushia nyasi, na kazi ya wale vijidudu wanaovunja nyuzinyuzi inazalisha joto usiku na mchana, zaidi saa chache baada ya kula. Joto hilo lazima litoke, la sivyo mwili unaanza kupanda kutoka nyuzi 38 na nusu za kawaida. Njia za kutokea ni ngozi, jasho na pumzi. Ng'ombe hatoki jasho kama farasi, hivyo pumzi hubeba mzigo mkubwa, na hewa ikiwa imejaa unyevu njia hiyo nayo inaziba. Kinachomwokoa ni usiku. Saa za baridi baada ya machweo ndipo mwili unapotema joto ulilolimbikiza mchana. Juni 2022, kusini-magharibi mwa Kansas, ng'ombe wasiopungua 2,000 waliripotiwa kufa kwa joto ndani ya siku chache. Hawakuwa Highland, walikuwa ng'ombe wa kunenepeshwa katika mazizi ya wazi. Siku zile nyuzi zilipanda ghafla, unyevu ukapanda nazo, upepo ukatulia, na usiku ukakataa kupoa. Hapo ndipo udhaifu wa hoja ya rangi unapoonekana. Jua likizama, mweusi na mweupe wanakuwa sawa. Wakiingia chini ya mwembe au paa la mabati, wanakuwa sawa tena. Lakini yule mwenye sentimita 20 za manyoya ubavuni anakuwa nayo kivulini, anakuwa nayo saa nane usiku, na anakuwa nayo alfajiri, wakati mwenzake aliyepukutika amekwisha kupoa na ameanza kulisha.

Ni nini basi kinachomwambia ng'ombe apukutishe manyoya? Wengi wangejibu kuwa ni joto lenyewe, na si ajabu, maana vyote viwili huja pamoja. Mkuu wa shughuli hii hata hivyo ni mwanga. Katika miaka ya 1950 mtafiti Yeates wa Australia aliwaweka ng'ombe chini ya taa na kuyageuza majira yao, mchana ukirefuka wakati wa baridi na kufupika wakati wa joto. Manyoya yalifuata taa. Urefu wa mchana hupokelewa na ubongo na kutafsiriwa kuwa homoni, na homoni inayohusika zaidi hapa ni prolaktini, ileile inayoshughulika na maziwa. Mchana ukirefuka, prolaktini hupanda damuni na manyoya ya baridi huachia. Uzi huo mmoja unaunganisha mambo mengi yaliyoonekana kuwa hayahusiani. Mwaka 2014 watafiti wa New Zealand walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya prolaktini iliwapa baadhi ya ng'ombe wa maziwa wa nchi hiyo manyoya ya kupita kiasi, wakawa wanataabika kupoza miili. Na kwamba Senepol, ng'ombe wa kisiwa cha St. Croix katika Karibea, wana hitilafu iliyo kinyume chake, kwenye kipokezi cha homoni hiyohiyo, inayowapa manyoya mafupi yanayong'aa. Mfumo ni mmoja. Ukiukaza upande huu unapata ng'ombe wa theluji, ukiukaza upande ule unapata ng'ombe wa visiwa vya jua.

Uzi huo unaeleza pia mkosi unaowapata wafugaji wadogo wa ukanda mpana wa Marekani, kutoka Missouri hadi Carolina. Malisho ya huko yamejaa feski ndefu, hasa aina ya Kentucky 31 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1943, nyasi shupavu inayostahimili kukanyagwa na ukame. Ushupavu wake unatokana kwa sehemu na kuvu anayeishi ndani ya shina lake, naye hutoa sumu zinazobana mishipa ya damu na kuishusha prolaktini. Ng'ombe anayekula nyasi hizo hubaki na manyoya ya baridi hadi katikati ya majira ya joto, na mishipa iliyobanwa hailifikishi joto kwenye ngozi ili litoke. Fikiria sasa mtu aliyelipa bei ya juu kwa Highland mweupe kwa kuamini kwamba weupe utamkinga, kisha akamwachia kwenye feski yenye kuvu. Amenunua mnyama mwenye manyoya marefu kuliko ng'ombe wote, akampeleka kwenye chakula kinachoyagandisha manyoya hayo mwilini. Mtaalamu wa malisho angemsaidia kuliko muuzaji wa fahali mweupe.

Haya si mambo mapya kwa wanaofuga kwa ajili ya kilo. Mwaka 1960 Turner na Schleger wa Australia walionyesha kwamba ukiyapa alama manyoya ya ng'ombe kwa kuyaangalia na kuyagusa, kuanzia mafupi kabisa hadi yenye sufi nyingi, alama hiyo inakwenda sambamba na namna wanavyokua katika nchi ya joto, na kwa kiasi kikubwa inarithiwa. Wafugaji wa Marekani wa Angus, ng'ombe wa nyama, leo wana mizani ya 1 hadi 5. Ng'ombe hutazamwa mara moja mwishoni mwa majira ya kuchipua: 5 ni aliyebaki na manyoya yote ya baridi, 1 ni aliyeyaacha yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu Angus wa majimbo ya kusini uliwakuta majike waliokuwa wamepukutika ifikapo mwisho wa Mei wakiachisha ndama wazito zaidi kwa takriban kilo 11. Mkosoaji atasema, na ni haki yake, kwamba kupukutika mapema ni dalili ya afya na lishe nzuri pia, si urithi tu. Ni kweli. Jike kijana anayenyonyesha kwa mara ya kwanza huchelewa, na aliyekonda huchelewa zaidi. Ila hilo halipunguzi thamani ya kipimo, linaiongeza, kwani kwa kukitazama kitu kimoja unapata habari za mawili. Kipimo chenyewe hakina gharama. Ni macho, kalamu na daftari. Highland anahitaji kipimo hiki kuliko Angus, naye ndiye anayeshindanishwa kwenye maonyesho ya mifugo ya Denver mwezi Januari, ameoshwa, amechanwa na kupulizwa kwa mashine hadi kila unyoya umesimama, mbele ya mwamuzi ambaye kwa mujibu wa kalenda hawezi kabisa kuuona upande wake mwingine.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la kimatendo: mbona Highland wapo Texas na Australia kwa miaka mingi, wanazaa na wanazeeka? Wapo kweli. Mnyama huyu si mnyonge, na sehemu kubwa ya manyoya ya ndani huachia mchana unaporefuka, ndiyo maana wengi wanafanikiwa. Lakini kufaulu kwa wengi kunathibitisha hoja badala ya kuipinga. Wanaofaulu ni wale wanaopukutika, na mfugaji aliyedumu Texas amekuwa akiwachuja wasiopukutika, kwa kuwauza au kuwazika, hata kama hajawahi kuliita jambo hilo kwa jina lake. Pingamizi la pili ni la werevu zaidi, kwamba manyoya mazito yanazuia joto la nje kuingia, sawa na yanavyolizuia la ndani lisitoke. Katika jangwa kavu, kwa mnyama anayejitengenezea joto kidogo, dai hilo lina nguvu; kondoo wa sufi ni mfano unaotajwa sana. Ng'ombe wa nusu tani aliyejaza nyasi tumboni ana hesabu tofauti, hasa Georgia au Louisiana, ambako hewa imelowa na usiku hauna baridi ya jangwani. Huko adui mkubwa ni joto linaloshindwa kutoka, na kila sentimita ya malaika mazito inamsaidia adui.

Basi wanyolewe, wengine watasema. Inawezekana, na mara nyingine ni huruma kufanya hivyo kwa mnyama aliyekwama na manyoya mwezi Juni. Lakini ngozi iliyozoea giza ikifunuliwa ghafla chini ya jua kali inaweza kuungua, zaidi kwa mwenye ngozi isiyo na weusi, na mwakani kazi ni ileile, kwa mnyama mwenye pembe za zaidi ya mita moja kutoka ncha hadi ncha. Maji nayo yanahitaji akili. Kumpulizia ukungu mwembamba wa maji ng'ombe mwenye singa ndefu kunaweza kumzidishia taabu, kwa kuwa matone hukaa juu ya manyoya bila kufika kwenye ngozi na kuyafunga kwa tabaka la unyevu. Anatakiwa aloweshwe hadi ndani kwa matone makubwa, mahali penye upepo, au aachwe aingie bwawani mwenyewe, jambo ambalo Highland hulipenda. Maji ya kunywa ni muhimu kuliko yote, maana ng'ombe mkubwa huweza kunywa zaidi ya mara mbili joto linapopanda kutoka nyuzi 10 hadi 32, na pipa linalotosha mwezi Machi huwa tupu saa saba mchana mwezi Julai. Wanaojua hupima hali kwa kumtazama mnyama. Kwanza mbavu zinakwenda mbio na mdomo umefungwa. Kisha anakataa kulala, anasimama ili hewa imzunguke. Kisha mate yanaanza kuning'inia, mdomo unafunguka, shingo inanyooka mbele, na ulimi unapotoka nje kabisa umekwisha kuchelewa kufikiria kivuli. Ng'ombe aliyefikia hapo hafukuzwi kuingizwa zizini. Anapelekewa maji alipo. Chanjo, mizani na safari vifanywe alfajiri, na chakula kikubwa kitolewe jioni ili joto la uchachushaji litoke usiku. Yote haya ni ya lazima. Yote pia ni kazi ya kila siku, ya kila mwaka, inayofanywa kulipa deni la chaguo lililofanywa siku ya kununua.

Lipo pingamizi la wapenzi wa ukoo, nalo naliheshimu kuliko mengine: ukichagua ng'ombe kwa kupukutika, mwishowe utapata Highland asiye Highland, ng'ombe mwekundu wa kawaida mwenye pembe ndefu. Hofu hiyo inachanganya mambo mawili. Manyoya mafupi ya kudumu, kama ya Senepol, ni jambo moja. Manyoya marefu ya baridi yanayoachia kwa wakati wake ni jambo lingine, na hilo la pili ndilo desturi ya mnyama huyu tangu kwao Uskoti, ambako majira ya joto ni ya upole lakini yapo. Mwaka 2022 Uskoti yenyewe ilifika karibu nyuzi 35. Anayechagua wapukutikaji anailinda sifa ya asili. Kama tunatafuta waliouchezea ukoo, ushahidi unaelekea kwa wapenda rangi. Weusi waliowahi kutawala visiwani wameachia nafasi wekundu wanaojaza kalenda na sanduku za biskuti, na mvua ya visiwani haikuwa na sababu yoyote ya kumpendelea mwekundu. Hayo ni mapenzi ya macho, na kila kizazi kina yake. Ya sasa ni fedha, weupe na udogo. Huo udogo nao unatisha zaidi ya rangi, kwa sababu baadhi ya njia za kuupata hupitia damu ya Dexter, ng'ombe wadogo wa Ireland, ambao wengine hubeba jeni ya udumavu wa mifupa inayoua ndama tumboni ikikutana na nakala ya pili.

Mtu ana haki ya kupenda rangi. Anayefuga ng'ombe kumi kwenye shamba la familia kwa ajili ya kuwatazama jioni hahitaji ruhusa ya mwandishi wa gazeti. Ninachobishania ni mpangilio wa maswali. Muulize muuzaji kwanza ng'ombe huyu anapukutika mwezi gani, mama yake alipukutika mwezi gani, wamelishwa nyasi gani, na unaweza kuona picha yake ya Julai. Ukishapata wanne wenye majibu mazuri, chagua yule mwenye rangi uipendayo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye picha za ng'ombe hawa humfikia kwenye simu na ambaye pengine ameshasikia mtu akisema kuwa Njombe au Kinangop kuna baridi ya kuwatosha, lipo jambo moja zaidi, nalo ni gumu kulikwepa. Baridi ya nyanda zetu za juu ipo. Mchana wa Uskoti haupo. Katika nyanda za juu za Uskoti mchana hupanda kutoka saa sita na nusu hivi mwezi Desemba hadi karibu saa 18 mwezi Juni. Nairobi tofauti hiyo ni ya dakika chache. Njombe ni kama saa moja tu. Ishara inayomwambia Highland aachie manyoya yake haina nguvu huku, na kwa mantiki hiyo mnyama huyo anaweza kubaki na mzigo wake mwaka mzima, akiwa sawa usiku wa Julai na akitweta mchana wa Februari. Boran wetu hakuhitaji ishara hiyo: manyoya yake ni mafupi mwaka mzima, wengi wao ni weupe au wa rangi nyepesi juu ya ngozi nyeusi, na ngozi yenyewe ni pana na imelegea. Rangi ikikutana na manyoya ya namna hiyo ndipo inapofanya kazi yake. Mwenye kutaka kujaribu Highland pamoja na hayo yote asiridhike na vipimo vya joto vya mahali. Atafute pia jedwali la mawio na machweo, halafu apange nani atamnyoa huyo ng'ombe, mara ngapi kwa mwaka, na kwa gharama ya nani.